Kidole Gumba cha Mama Kurasa

Anayetaka kumjua Mama Kurasa asihangaike kumtazama usoni. Uso wake umetulia kama wa mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Amtazame kidole gumba cha mkono wa kulia. Hicho hakijui kukaa. Kinasugua pembe ya kitambaa cha meza, ncha ya gazeti, risiti, kadi ya mwaliko, chochote chenye kona. Mama mkwe wake, anayeishi naye nyumba moja na asiyepitwa na jambo, huviondoa vitu vya namna hiyo mbele yake kama mtu anavyoondoa visu mbele ya mtoto anayetambaa.

Kidole hicho kimeharibiwa na kazi. Mama Kurasa husoma vitabu redioni. Kila siku ya kazi, baada ya taarifa ya habari ya mchana, huingia studio, huketi mbele ya kipaza sauti, na kuendelea na riwaya pale alipoishia jana, mpaka fundi mitambo aliye upande wa pili wa kioo amwonyeshe kiganja. Wanaomsikiliza ni mafundi cherehani, wenye maduka, wagonjwa waliolazwa, na madereva walioegesha magari kivulini wakijidai wanasubiri abiria. Watu husema hiyo ni kazi ya sauti. Yeye husema ni kazi ya kugeuza kurasa.

Na ana hoja. Ukurasa hauna adabu ya kuisha mwisho wa sentensi; huishia popote, mtu akiwa ameinua mguu au ameshika kitasa. Msomaji asiye na mazoezi akifika hapo husimama ageuze, na msikilizaji husikia shimo. Kwa hiyo mdomo wa Mama Kurasa ukiwa bado mistari mitatu kutoka chini, kidole gumba huwa kimeshaanza kusugua pembe ya karatasi, kuitenganisha na ile iliyo chini yake. Mdomo ukiingia mstari wa mwisho, karatasi imeshainuka. Maneno machache ya mwisho huyasema kwa kumbukumbu, macho yakiwa yamekwisha kuvuka upande wa pili. Hilo mwenyewe huliita kubeba mkia.

Ili karatasi zisipige kelele, alikuwa na mtindo wake. Kila kitabu kipya alikipeleka kwanza kwa mjalidi akivunje mgongo, kisha aliingia studio na kurasa zikiwa moja moja, akazipanga juu ya kipande cha blanketi na kuzitelezesha kama anayegawa karata kwenye msiba. Jina lake lilitoka huko. Siku moja upepo ulimpokonya sura nzima uani, walinzi wa getini wakaikimbiza huku na huku. Waliirudisha yote isipokuwa ukurasa mmoja, na mchana huo, hewani, msichana mmoja aliachwa na mchumba wake bila sababu yoyote. Walinzi ndio waliombatiza Mama Kurasa, na wasikilizaji waliopiga simu kuuliza kosa la msichana yule walijibiwa kuwa mapenzi ndivyo yalivyo.

Matatizo yalianza redio ilipohamia jengo jipya. Studio ni ndogo, kuta zimevalishwa sponji, na vipaza sauti vipya vina masikio ya mbea. Siku ya kwanza tu msikilizaji alipiga simu kuuliza ni nani anakaanga kitu humo ndani.

Jumatatu meneja wa vipindi akamwita ofisini. Ni mwanamke wa umri wa mdogo wake, mpole, asiyepandisha sauti hata akimtoa mtu kazini.

"Mama, karatasi zinasikika."

"Nitaongeza blanketi."

"Umeshaongeza. Fundi ameniambia umeweka mawili, na sasa yanasikika mablanketi." Akasogeza kikombe chake pembeni. "Karatasi zisiingie tena studio. Tafuta kifaa cha kusomea, chochote unachokiweza, kitabu tutakuwekea humo ndani. Ijumaa nitakaa na fundi nikusikilize. Ikishindikana, kipindi atakichukua Chiriku."

Chiriku ni kijana wa kipindi cha asubuhi. Husoma matangazo kwenye simu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika chai, na hakuna aliyewahi kumsikia akivuta pumzi.

"Atasoma nini?" Mama Kurasa akauliza.

"Hichohicho unachosoma wewe."

"Kimebaki nusu."

"Ndiyo hiyo nusu."

Hilo ndilo lililomchoma. Kipindi ni cha redio, leo kipo kesho hakipo, analijua hilo. Lakini kitabu kilikuwa kimefika mahali ambapo baba aliyeitelekeza familia yake amerudi, anapita mtaani akiuliza njia, na binti yake bado hajaamua kama atamfungulia geti. Mama Kurasa alikuwa na binti huyo kwa majuma mengi. Alijua anavyomeza mate kabla ya kujibu. Kumkabidhi kwa Chiriku ilikuwa sawa na kumpandisha basi lisilo na breki.

Alitoka ofisini mle akapitiliza kituo chake cha basi, akashtuka yuko mbele kabisa, akarudi, akapitiliza tena. Mwisho miguu ilimpeleka kwenye duka la shemeji yake, mdogo wa mumewe, auzaye simu na vifaa vyake kwenye chumba chenye upana wa mlango wake.

"Shemeji, umekuja kuniona au umefukuzwa kazi?"

"Bado. Ijumaa."

Shemeji akacheka, akamtazama, akaacha kucheka. Akafungua kabati la kioo na kutoa kishikwambi kidogo, cheusi, kinachoenea kwenye kiganja.

"Hiki ndicho chako. Siyo yale mabao makubwa ya kuwekea vyombo. Kidogo, chepesi, kina mwanga wake, ukigusa tu kimefika. Na ukichoka kusoma unaangalia filamu."

"Nikichoka kusoma nafukuzwa."

"Basi usichoke."

Juu ya rafu, katikati ya chaja zilizosongamana, Mama Kurasa aliona kifaa kingine, cha kijivu, uso umefifia kama gazeti la juzi. Akauliza ni nini.

"Achana nacho. Hicho ni cha wino wa umeme. Skrini haiwaki, maandishi yanakaa juu kama yamechapwa. Kwa macho ni kizuri, sikatai, hata juani unasoma, na chaji yake utaisahau. Lakini ni cha kizamani. Ukikigusa usoni hakisikii, mpaka ubonyeze vitufe hivi vya pembeni. Na kila ukigeuza ukurasa kinapepesa macho kwanza." Akabonyeza. Skrini nzima ikawa nyeusi, ikawa nyeupe, ndipo maneno yakajitokeza polepole kama mtu aliyeamshwa. "Umeona? Nani ana subira hiyo? Aliniachia mtu aliyekuwa anahama, hata yeye hakukitaka."

Mama Kurasa akaondoka na kishikwambi.

Jioni mama mkwe alimkuta nacho sebuleni. "Mkwe wangu, hiyo taa unayojimulika usoni ni ya nini?"

"Ndiyo kitabu, mama."

"Kinakusoma wewe au wewe unakisoma?"

Kesho yake aliingia studio bila blanketi kwa mara ya kwanza, akajiona kama aliyesahau kuvaa kitu. Taa za darini zilianguka juu ya kioo cha kishikwambi, na kati ya mistari aliona uso wake mwenyewe, na nyuma yake fundi mitambo akipiga miayo. Akakiinamisha kidogo. Fundi akatoweka, uso ukabaki. Akaanza.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, mdomo ukiwa mistari mitatu kutoka chini, kidole gumba kikakumbuka kazi yake. Kikaanza kusugua pembe.

Kishikwambi hakikusita hata kidogo. Kiligeuza, kikageuza, kikageuza. Na mdomo wa Mama Kurasa, uliozoea kusoma kile ambacho jicho limekiona, haukusimama kuuliza. Baba wa watu, aliyekuwa akikaribia geti la binti yake, ndani ya sentensi hiyohiyo alikuwa kaburini akimwagiwa udongo. Waombolezaji wawili walikwisha kusema maneno yao ndipo msomaji alipozinduka, akarudi nyuma akipapasa, na kumfufua marehemu akiwa bado anauliza njia.

Upande wa pili wa kioo, fundi mitambo alikuwa amelala kifudifudi juu ya mitambo yake, mabega yanatikisika.

"Dada, simu zinaita," alimwambia baadaye akijifuta machozi. "Mmoja anauliza baba kafa lini. Mwingine anasema ni ndoto ya yule binti, ameipenda."

"Kufa anakufa kweli, lakini siku hizo hazijafika."

"Sasa tumeshawaambia."

Fundi ni mtu wa watu, hakumwacha hivyo. Wakakaa wakakichokoa kile kifaa. Waliondoa kurasa, maandishi yakawa yanateleza kwenda juu bila kikomo, lakini hapo Mama Kurasa alipotea vibaya zaidi. Miaka yote alizoea kuwa sentensi ina mahali pake pa kukaa, juu kushoto au chini karibu na ukingo, na jicho hurudi pale kama mtu arudivyo kwenye kiti chake. Sasa kila kiti kilikuwa kinahama. Wakarudisha kurasa. Fundi akapata wazo la kukifunga kidole plasta, kioo kisiweze kukihisi. Kioo hakikukihisi, ni kweli. Ila kidole kilipokosa karatasi kikageukia plasta yenyewe, na siku iliyofuata kipaza sauti kilitangaza kwa nchi nzima kwamba ndani ya studio kuna panya.

Meneja alipokutana naye ngazini alimuuliza hali ya nyumbani, akampita. Chiriku alimpisha lifti kwa heshima ambayo hakuwahi kuwa nayo, na heshima hiyo ilimnyima raha kuliko matusi. Chakula alikigusa akakiacha. Alifagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Mumewe, mtu wa maneno machache, alimhamishia redio ndogo chumba kingine bila kuambiwa.

Siku moja kabla ya Ijumaa alirudi dukani.

"Umesharudi?" shemeji akauliza. "Kimeharibika?"

"Kizima. Nipe kile kisichosikia."

"Shemeji, kile nimekitenga nikitupe."

"Kabla hujakitupa, nipe mimi."

Shemeji akashika kiuno. Hakuwa tayari kuona ukoo wake unaaibika kwa kifaa kilichopitwa na wakati. "Hebu nielewe. Hiki ulichonacho kinafanya kila kitu papo hapo. Unakirudisha uchukue kinacholala?"

"Ndio ubaya wake. Na kidole changu nacho kinafanya kila kitu papo hapo. Wawili hao hawawezi kukaa meza moja."

"Na kupepesa je? Si uliona kinavyopepesa macho?"

"Kupepesa nitakusubiria. Kufufua watu ndiko siwezi tena."

Shemeji akakifuta vumbi kwa shati lake, akahamishia kitabu humo, akampa. "Ukifukuzwa usiseme umepewa na mimi."

Alasiri hiyo walikaa sebuleni, yeye na mama mkwe, mmoja asome na mwingine asikilize. Uso wa kijivu haukuwa na taa wala haukurudisha sura ya mtu. Aligusa pembe kwa gumba, akasugua. Hakuna kilichotokea. Akasugua tena, kwa nguvu, kama anayemchokoza mtu aone kama atakasirika. Maneno yalikaa palepale yalipowekwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mabega yakamshuka.

Lakini kila jambo lina makato yake. Kitufe kilikuwa na mlio, kidogo lakini mkavu, kama mtu anayevunja ukucha. Na kule kupepesa kuliacha shimo. Mama mkwe, aliyefumba macho kwenye kochi, hakuachia hata moja.

"Umeanguka."

Akarudia.

"Umeanguka tena."

"Mama, si uache nimalize kwanza?"

"Ukimaliza nitakuwa nimesahau ulipoangukia."

Akapunguza herufi ili ukurasa ubebe maneno mengi na kitufe kibonyezwe mara chache. Mama mkwe akafungua jicho moja, akasema huyo sasa anasoma sisimizi. Lakini sisimizi wale walikuwa wameandikwa wazi, hawang'ai, hawatetemeki, na kwa miwani yake aliwaona wote. Akajifunza kubonyeza katikati ya neno lenye kishindo, mlio ujifiche humo. Kubeba mkia nako kukabadilika. Karatasi ilitaka maneno matatu, manne. Hiki kilitaka nusu mstari, wakati mwingine mstari mzima, aushike kichwani wakati skrini inaingia giza na kutoka. Alikosea akakosea, akasimama akazunguka meza, akakaa. Mpaka zilipopita kurasa kadhaa bila neno kutoka kwenye kochi, akadhani mama mkwe amesinzia.

"Silali," mama mkwe akasema. "Hujaanguka, niseme nini?"

Ijumaa akakuta watu watatu nyuma ya kioo: fundi kwenye mitambo, meneja amesimama na mikono kifuani, na Chiriku, ambaye hakuna aliyemwita, na chai yake. Fundi akajaribu sauti, akashika visikizio, akakunja uso.

"Dada, kuna kitu kinalia kama kiatu kipya. Mkono wa kulia unafanya nini?"

Ulikuwa unasugua uso wa kijivu. Mama Kurasa akauteremsha chini ya meza. Kidole kikatafuta, kikakuta pindo la gauni, kikatulia pale, kama kusugua kwaweza kuitwa kutulia. Vitufe akaviachia mkono wa kushoto.

"Sasa?"

"Kimya."

Taa nyekundu ikawaka.

Baba alikuwa amefika getini. Mama Kurasa alisoma hatua zake kwenye changarawe, akamsoma binti aliyesimama ndani na ufunguo mkononi. Kitufe cha kwanza kilizama ndani ya neno. Cha pili hata yeye hakukisikia. Moyo ulimdunda mpaka akahofia kipaza sauti kitauokota, lakini sauti ilikwenda kama gari kwenye barabara iliyotengenezwa jana. Baba akagonga. Binti hakujibu. Baba akagonga tena, akasema jina la utotoni la binti yake, jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Mistari mitatu kutoka chini. Gumba likabana pindo. Akabonyeza, skrini ikaingia giza, akaubeba mkia: binti akaunyanyua ufunguo, akautazama, na.

Mkia ukaisha. Skrini bado nyeusi.

Kwenye karatasi jambo hilo halikuwahi kumpata. Karatasi haiondoki na maneno yako. Alikitazama kile kipande cheusi na kichwani mwake hakukuwa na neno lolote lililofuata, ingawa kitabu alikuwa amekisoma chote kabla. Angeweza kukohoa. Angeweza kusema samahani wasikilizaji. Mdomo ulikwisha kufunguka, na akaufunga. Kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alibaki palepale getini, upande wa ndani, na ufunguo mkononi. Nyuma ya kioo kikombe cha Chiriku kilikuwa kimesimama katikati ya meza na mdomo. Meneja alikuwa ameinama mbele.

Skrini ikawa nyeupe. Maneno yakajitokeza.

"Na akaurudisha mfukoni," Mama Kurasa akasoma.

Akaendelea mpaka kiganja cha fundi kilipoinuka. Alipotoka, Chiriku ndiye aliyemfikia kwanza.

"Mama, pale uliponyamaza nilidhani umekimbia."

"Ningekuwa na njia ningekimbia."

Meneja akamshika kiwiko na kumsogeza pembeni ya korido. "Karatasi haisikiki. Kitabu malizia mwenyewe. Kinachofuata tutazungumza kikifika." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu: "Kile kimya cha getini. Jumatatu ukipata nafasi weka kingine."

"Kile kilikuwa kosa. Skrini ilikwama."

"Mimi sikusikia kosa."

"Mimi nililiona. Na Jumatatu sitaki linione tena."

Meneja akatabasamu, akaondoka. Kinachofuata tutazungumza. Maneno hayo alitembea nayo mpaka kituoni, na safari hii hakupitiliza, ila alipanda basi lisilo lake, akashuka, akasubiri jingine.

Nyumbani redio ndogo ilikuwa imerudi sebuleni. Mama mkwe alimsogezea kiti.

"Pale getini ulianguka."

"Nilianguka, mama."

"Uliinuka vizuri. Wamekuachia?"

"Kitabu hiki. Kingine hawajasema."

"Mpaka waseme utakuwa umetumaliza." Mama mkwe akamtazama anavyokaa, akaona mkono, akauvuta pembeni na kulinyanyua pindo la gauni hadi kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kona ya pindo palikuwa na tundu, si kubwa, nyuzi zimesimama pande zote.

"Na hili nalo umelisoma mpaka limetoboka," akasema, akainuka kutafuta sindano.

Alipogeuka, kidole gumba kilikuwa kimeshaupata ukingo wa tundu.